Mota Yangu, Ng'ombe Wao

Kabla sijaendelea, nimjibu yule bwana aliyenitumia ujumbe wa simu wiki hii akisema, "Dada Benitha, punguza hasira, hayo yamepita." Ndugu yangu, yamepita kwako wewe unayesoma huku unakunywa chai. Kwangu hayajapita. Hadi leo nikisikia ng'ombe analia, nauma meno.

Na kwa wewe unayeingia leo, sogea upate nafasi, nitakupa kwa ufupi.

Mimi ni binti wa mzee Kayumba, sisi ni Wanyamulenge, wafugaji wa milima ya Minembwe kule Kongo. Vita vya mwaka 1996 vilitutoa milimani bila hata ng'ombe mmoja, na mwisho wa kukimbia kwetu ukawa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Nilikulia humo kambini, kisha nikaenda Mbarara nikawa dereva wa foklifti katika ghala la maziwa. Foklifti ni ile mashine yenye pembe mbili mbele ya kunyanyulia mizigo, inayotumia umeme wa betri. Siku ilipovunjika shingo, mwenye ghala akaniambia nijichukulie mzoga. Nikaung'oa moyo wake, yaani mota, nikauweka kwangu chini ya kitanda.

Mutabazi, mfanyabiashara kijana wa mjini, alikuwa na shida nyingine. Alinunua gari la mashindano la kuunga mwenyewe, likaja kutoka Ulaya ndani ya makasha: mabomba ya chuma, mwili wa faiba, magurudumu, usukani. Injini haikuja. Yeye ana gari bila moyo, mimi nina moyo bila gari.

Tukapatana. Gari lake, mota yangu, na usukani nishike mimi, kwa kuwa mota ni yangu na kwa kuwa mimi ni mwepesi kuliko wote. Gari la namna ile unaliendesha umejilaza, na hata ukila ugali mwingi unalichelewesha.

Mapatano hatukuyaandika. Mutabazi ni Munyankole, sisi ni Wanyamulenge, wote tumezaliwa penye harufu ya maziwa. Alimpelekea baba mtamba wa rangi ya kahawia, baba akampa jina la Gaju, tukanywa maziwa, tukashikana mikono. Kwetu mtu akikupa ng'ombe amekuwa ndugu yako. Hawezi kukuibia, wala wewe huwezi kumwibia. Ndivyo nilivyofundishwa, na mimi mjinga nikaamini kwamba kila mwenye ng'ombe alifundishwa hivyohivyo.

Niliwasimulia pia jinsi tulivyolijaribu gari barabara ya Rwekubo, mzee mmoja wa kanisa akaanguka mtaroni na baiskeli yake kwa sababu tulimpita bila yeye kusikia chochote. Fundi wetu Anatole akachukua honi ya foklifti akaifunga mbele ya gari. Honi hiyo iwekeni akilini.

Basi Ijumaa ile ya mwaka 2013, kesho yake ni mashindano ya Biharwe, naingia gereji nakuta mwanamke mnene amekalia tairi. Mapajani ana gomesi mpya, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, bado ina harufu ya dukani.

"Wewe ndiyo Benitha?"

"Ndiyo, mama."

"Hapana ita mimi mama. Ita mimi senga. Mimi iko dada ya baba ya Mutabazi. Jina yangu Annonciata. Vaa hii, tuone kama natosha."

Anatole, Mubembe wa kule Baraka, alikuwa chini ya gari anagonga kitu. Akaacha kugonga. Fundi akiacha kugonga ujue anasikiliza.

"Ya nini hii, senga?"

"Ya kesho. Watu mingi nakuja Biharwe. Wewe utakaa na sisi kwa hema, kwa kiti. Bibi ya nyumba yetu hapana lala ndani ya kitu kama hii, miguu mbele, wanaume naangalia."

"Bibi ya nani?"

Alicheka mpaka tairi likatikisika.

"Sikia huyu! Ng'ombe yetu ilienda kwa baba yako. Baba yako alikamata kamba. Mara ya pili mimi na kaka mukubwa ya Mutabazi tulirudi kule Nakivale, tukauliza, akasema nakubali. Sasa wewe nauliza bibi ya nani?"

Mke! Nimeshaolewa, nami nilikuwa wapi? Nilikuwa chini ya gari napitisha nyaya.

Nilitoka nje mbio. Mutabazi alikuwa langoni anaongea na simu. Niliipokonya ile simu.

"Mutabazi! Ulimpa baba yangu ng'ombe ya nini?"

"Nyabo, hapana piga kelele. Watu nasikia."

"Na wasikie! Ng'ombe ya nini?"

Akakuna shingo. "Ya urafiki. Lakini urafiki nayo iko na miguu, natembea. Wazee walikaa, wakaona ni vizuri."

"Wazee wakaona. Na mimi ningeona lini?"

"Unakasirika bure, Benitha. Ukiwa bibi yangu, hii maneno ya gari nakuwa rahisi. Mota iko yako, wewe iko yangu. Hakuna tena mtu nauliza mota ni ya nani."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipoelewa. Mtu yule hakunitaka mimi. Alikuwa anaoa mota! Mimi nilikuwa nyongeza, kama lile konzi la maharage muuza duka analokutupia juu ya kilo yako.

Anatole alikuwa ameshatoka chini ya gari, spana mkononi, uso mzima grisi.

"Benitha, unataka niifungule? Ni ma boulons tu. Mu saa moja mota iko inje, na ye abakiye na karosri yake, mwili mutupu, apande mo maua."

"Mota ikitoka hakuna mashindano!" Mutabazi akapaza sauti. "Jina yangu iko kwa redio tangu jana!"

Nilifungua mdomo niseme, itoe. Neno likakwama.

Nitawaambia kwa nini, na mwenye kucheka acheke. Injini ya petroli unaibembeleza, inakohoa, inapanda kidogo kidogo. Mota ya umeme ukiikanyaga inakupa nguvu yake yote pale pale, haikuulizi wewe ni nani. Miaka yangu yote ya ghalani nilikuwa naishikilia nguvu hiyo kwa mguu, naendesha mwendo wa bata nisimwage maziwa ya watu. Nilitaka siku moja tu niiachilie. Moja tu! Tena niiachilie mbele ya watu, waone binti wa kambini anafanya nini.

Senga Annonciata alikuwa ametufuata, gomesi begani.

"Mutoto, hapa hakuna mutu nalazimisha mutu. Sisi si wanyama. Ukikataa, ng'ombe narudi. Irudi kwa mukono yangu mimi, watu naona. Hapo hakuna bibi tena. Kamata mota yako, enda. Lakini ng'ombe kama nabaki kwa baba yako, wewe iko nyumbani kwetu. Na mota iko nyumbani."

"Itarudi kesho," nikasema.

"Wapi?"

"Biharwe. Mbele ya hema lako."

"Kale, ni sawa. Mimi nangoja kwa kiti."

Nilifika Nakivale jua bado lipo. Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno ya kumpoza mzee. Nilijua wamemdanganya. Mzee wa watu, amezoea heshima ya milimani, akaletewa ujanja wa mjini akaumeza na maziwa. Nilikuwa na hasira na ulimwengu wote isipokuwa yeye.

Nilimkuta anamkamua Gaju, ndama wake amefungwa pembeni. Mzee alikuwa anamwimbia kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiwaimbia wale wa Minembwe.

"Benitha, mutoto yangu! Ikala. Maziwa iko."

"Sitake maziwa. Baba, hii ng'ombe ni ya nini?"

Maziwa yakaendelea kuingia chomboni, chwi, chwi.

"Ni ya Mutabazi."

"Sijakuuliza ni ya nani. Nimekuuliza ni ya nini."

"Mara ya kwanza ilikuwa ya urafiki."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili bakakuja na shangazi yake. Bakaniuliza kama nimekubali. Nikasema nimekubali."

"Ulijua banakuuliza juu ya nini?"

Aliacha kukamua. Akafuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Nilijua."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mutabazi mwizi, sawa, ni mtu baki. Shangazi yake, sawa. Lakini huyu aliyenibeba mgongoni kutoka Minembwe!

"Ulinitoa juu ya ng'ombe moja!"

"Sikukutoa. Nilinyamaza tu. Nilisema siku moja nitakuambia."

"Siku gani? Siku ya ndoa?"

"Benitha, usinipigie kelele mbele ya ng'ombe."

"Nitapiga! Hata yenyewe isikie bei yangu!"

Majirani wakaanza kuchungulia. Mzee Kayumba akainama, akaongea chini chini, na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake.

"Tangu Minembwe sijashika kamba ya ng'ombe yangu. Unajua mwanaume wa kwetu hana ng'ombe anakuwaka nani hapa? Anakuwa numero ya kadi ya chakula. Bantu banapita mu njia, banakusalimia juu ya Mungu tu. Sasa banasimama. Banauliza, Kayumba, Gaju iko namna gani? Ndama inanyonya? Ni ile tu, mutoto yangu. Ni ile tu ilinishinda."

Nilimhurumia. Nasema kweli, nilimhurumia, na huruma ile ikanizidishia hasira, kwa sababu nilikuja na haki yangu yote na sasa alikuwa anainyofoa.

"Utairudisha," nikamwambia. "Kesho, ku Biharwe. Mbele ya bantu bote. Utaweka kamba mu mukono ya ule mama."

"Ng'ombe hairudishwake mbio mbio. Ile ni kutukana mwenye kukupa. Gari inaweza kukusaidia mu njia, lakini kufika unafika kwa miguu. Unatembea polepole, kamba mu mukono. Haupitake nyuma ya nyumba kama mwizi. Unapita mbele, wenye kupokea bamekaa, banakuona unakuja."

"Basi pita mbele, bakuone. Na kama haukuje, baba, usiniite tena mutoto yako."

Alimfungulia ndama aende kunyonya, akasimama anamwangalia.

Asubuhi niliondoka bila kunywa chochote. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, kamba ya Gaju magotini, anaipaka siagi kama anayetaka iwe laini. Sikuuliza anaipaka ya nini. Hasira inafunga mdomo hata pale swali moja lingetosha.

Uwanja wa Biharwe haukuwa uwanja. Yalikuwa malisho ya tajiri mmoja, wakachonga humo njia ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, inayozunguka kilima. Nusu ya njia unaiona, nusu imefichwa na kilima. Mahema ya wageni waheshimiwa waliyaweka ndani ya duara, kwa hiyo anayetaka kufika hemani lazima avuke njia ya magari. Walikuwepo vijana wa kushika kamba na kuzuia watu, lakini toka asubuhi, magari yalipokuwa yanajaribiwa, niliona watu wanavuka kwa masikio. Ukisikia ngurumo, unangoja. Ukisikia kimya, unavuka.

Senga Annonciata alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa.

"Ng'ombe iko wapi?"

Nikaangalia huku na huku. Ng'ombe hakuwepo, baba hakuwepo.

"Itakuja."

"Mimi nangoja. Lakini siku hapana ngoja."

Kwenye gari nilimkuta Mutabazi amevaa ovaroli nyekundu ya mashindano, anajaribu kuingia kwenye kiti changu. Tumbo limeingia, mapaja yamekataa. Anatole alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, hamsaidii.

"Patron, na weye mu gari, ma betri zitachoka mbele ya mwisho. Ni kama kupakiza mufuko ya simiti. Mutamaliza nyuma ya bantu bote, na redio itasema."

Neno redio lilimwingia. Mutabazi aliangalia magari mengine, yote ya petroli, yote mepesi kama lake, wenyewe wanayapasha moto. Aliangalia hema. Kisha akatoka kwenye kiti kwa kusaidiwa na watu wawili.

"Benitha, endesha. Leo tu."

"Senga yako amesema nini?"

Senga alisikia. Akapaza sauti toka kwenye kiti chake, watu wote wakageuka: "Huyu mutoto naendesha kama bibi ya Mutabazi! Ng'ombe haijafika, naendesha kama bibi ya nyumba!"

Watu wakapiga vigelegele. Vigelegele! Nilivaa helmeti haraka wasione uso wangu. Kitu nilichokitaka maisha yangu yote nilipewa kama ruhusa ya mume. Laiti ningekuwa na nguvu ya kuing'oa ile mota kwa meno, ningeing'oa pale pale.

Nikaingia. Anatole akanifunga mkanda. Mkono wangu wa kulia ukaenda kwenye kitufe cha honi, kama nilivyozoea kila ninapokaa. Kitufe hakikuwepo. Palikuwa na matundu mawili ya skrubu na nyaya zimekatwa.

"Honi iko wapi?"

"Nilitoa asubuhi," Mutabazi akasema. "Uzito. Nilitoa honi, na kioo ya pembeni, na ile chuma yake. Kwa mashindano kila kitu natoa."

Anatole alitupa spana chini.

"Ule muzee wa velo ulimusahau? Ulimusahau, Mutabazi? Hii gari haina mudomo! Honi ndiyo ilikuwa mudomo yake!"

"Hapa hakuna muzee wa baiskeli. Njia iko na kamba. Toka, bendera nakuja!"

Nilitaka kushuka. Lakini magari yote yalikuwa yamepangwa, na mwenye bendera alikuwa amesimama, nami nilikuwa nimekaa ndani ya kitu changu. Nikabaki.

Petroli zikaanza kunguruma. Moshi, mitetemo, vumbi. Gari langu kimya. Mtu mmoja nyuma ya kamba akaita kwa Kinyankole, wenzake wakacheka, mwingine akatafsiri kwa Kiswahili ili na mimi nisikose: "Hiyo imekufa! Bibi, shuka sukuma!"

Nikasema moyoni, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ngojeni.

Bendera ikashuka.

Niliikanyaga yote. Mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti, shingo ikarudi nyuma, na kabla wale wa petroli hawajamaliza kukohoa gia ya kwanza mimi nilikuwa kwenye kona. Kona ya kwanza nilipita nikipiga kelele. Sijui nilikuwa nacheka au nalia. Niliwatukana wote mmoja mmoja kwa majina. Nilimtukana Mutabazi, nikamtukana senga na gomesi yake, na nyuma ya kilima ambako hakuna anayeniona nikamtukana baba yangu mzazi, kisha nikamwomba Mungu anisamehe, kisha nikamtukana tena.

Mota haikuchoka. Kila kona nilikuwa nawaacha. Mzunguko wa pili, wa tatu, nilipopita mbele ya mahema niliona watu wamesimama juu ya viti. Hakuna aliyecheka tena. Niliona Anatole anaruka ruka, shati limetoka. Niliona Mutabazi ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Ukaja mzunguko wa mwisho. Ngurumo za wenzangu zilikuwa mbali nyuma, upande wa pili wa kilima. Nikaingia ile sehemu iliyonyooka inayoshuka kuelekea mahema, na hapo ndipo nilipomwona.

Pikapu moja ya kubebea ng'ombe ilikuwa imeegeshwa nje ya kamba, mlango wa nyuma wazi. Mbele yake alisimama mzee Kayumba. Amevaa koti lake la kanisani. Ameshika kamba, na Gaju yuko nyuma yake, ndama ubavuni, wote wameoshwa wanang'aa.

Amekuja! Baba yangu amekuja!

Sikumbuki hasira ilikwenda wapi. Iliondoka mara moja, ikaniacha mtupu kama chombo kilichomwagwa maziwa. Nilitaka tu nimalize, nishuke, nimshike mkono.

Kijana wa kamba alikuwa amegeuka anamwangalia ng'ombe. Nilimwona baba anamwambia neno, kijana anashusha kamba. Baba akainamisha kichwa kidogo, akatega sikio. Alisikia zile ngurumo, mbali, nyuma ya kilima. Mtu mwenye akili akisikia ngurumo za mbali vile anajua ana nafasi ya kuvuka polepole, kwa heshima, na ng'ombe wake.

Akaingia kwenye njia.

Nilikanyaga breki. Magurudumu yakafunga, gari likaendelea kuteleza juu ya murram. Kulia kwangu hema, watu wamejaa. Kushoto kamba, na nyuma ya kamba watoto. Nikaita, "Baba!", helmeti ikainywa sauti yote. Mkono wangu ukagonga pale penye honi, ukagonga, ukagonga, skrubu ikanichana kiganja.

Gaju alikuwa katikati ya njia. Ndama alisimama, akainusa murram. Baba akamngoja. Amenipa mgongo, mgongo umenyooka, ule mgongo ulionibeba, na uso wake umeelekea kwenye kiti cha senga Annonciata. Senga alikuwa ameinuka. Mdomo wake ulikuwa wazi, mkono umenyooshwa kuelekea kwangu, na baba alidhani amenyoosha mkono apokee kamba.

Akainyoosha kamba ampe, na gari likamfikia kimya kimya.

Nilikuwa nimemwambia apite mbele ya watu wote. Alikuwa anapita.